Mlango wa Stesheni ya Lugongwe

Mikono niliyoiona mbele yangu haikuwa yangu. Ilikuwa mikono mipana ya mwanamume, yenye wino kwenye kidole cha shahada na alama ya kuungua juu ya kifundo. Wiki tatu nilikuwa nikiingia ndani ya kumbukumbu za Baba, na bado kila mara nilishtuka. Nilifikiria kujikuna pua, na mkono wa baba yangu alipokuwa na miaka arobaini na saba ndio ulioinuka.

"Dada Nyemo, unanisikia?" Sauti ya Tumsifu ilitokea mbali, ingawa nilijua amekaa kando yangu, kwenye chumba kile cha kliniki Dodoma, akitazama skrini zake. "Uko wapi sasa?"

"Chumba cha tiketi."

"Na nyuma yako?"

Niligeuka. Baraza niliyoipita dakika moja kabla ilikuwa imeshaanza kuwa nyeupe. Haukuwa ukungu wala moshi. Ulikuwa weupe wa karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Benchi la abiria lilikuwa limebaki na miguu miwili, na lilisimama vilevile, kana kwamba halijapata habari.

"Weupe unakuja," nikasema.

"Basi usikae."

Juu ya meza kulikuwa na muhuri wa tarehe, bunda la tiketi, kikombe cha chai na kofia ya kazi. Siku iliyotangulia nilivipanga vizuri, kila kitu mahali pake, na kufuli haikutikisika. Tumsifu alinionya tangu siku ya kwanza: mchezo huu wa mafumbo hautaki jibu zuri, unataka lile alilolifanya mgonjwa mwenyewe. Nikamfikiria Baba nyumbani, alivyokuwa akisoma gazeti kibarazani, kikombe juu ya kurasa zisipeperuke. Nikakichukua kikombe, nikakiweka juu ya bunda la tiketi.

Kufuli ilifyatuka. Papo hapo nikasikia kicheko. Hakikutoka ndani ya mchezo. Kilitoka kwenye kiti cha pili pale kliniki, ambapo Baba alikuwa amelala na kofia ya nyaya kama yangu.

"Upepo wa Lugongwe," alisema kwa sauti yake ya uzee. "Unabeba tiketi zote."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza yenye maana kwa siku nne. Ndivyo tiba ilivyofanya kazi. Fumbo likifunguka humo ndani, njia moja ilifufuka kichwani mwake. Vyumba vitatu vya kwanza vilimrudishia kijiko mkononi, jina la dada yake, na sala ya kabla ya chakula. Mimi bado aliniita nesi.

Mlango uliofuata ulikuwa wa kijani. Haukuwa na tundu la ufunguo wala kitasa upande wangu. Nilipouwekea sikio, nilisikia mtu anapumua upande wa pili, haraka haraka, kama aliyejificha.

"Nani yumo?" nikauliza.

"Usifungue." Ilikuwa sauti ya Baba, ile ya zamani. "Mtoto atasikia."

Kwenye kiti cha kliniki Baba akapiga ukelele. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia namna ile. Tumsifu akaning'oa kofia kichwani.

*

Baba alipotulizwa, Tumsifu alinionyesha ramani. Alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kila anapotaka kusema jambo zito. Aliifuta mara mbili.

"Hivi vyumba hatuvijengi sisi," alisema. "Mashine inasoma sehemu za ubongo zilizo hai, halafu inazichora kama mahali anapopajua mgonjwa. Hata kufuli ni zake. Ila ziko za aina mbili. Hizi za kahawia zimeletwa na ugonjwa. Ni kama kutu tu." Akagusa alama moja ya kijani katikati ya skrini. "Hii ameiweka mwenyewe. Ni ya zamani kuliko ugonjwa."

"Tuizunguke."

"Haizungukiki. Tazama." Nyuzi zote zilizobaki zilipita kwenye ile alama. Lugha, nyuso, namna ya kutembea, jina langu. "Kitu alichokificha miaka yote amekijengea kila kitu juu yake. Weupe unaifikia Alhamisi, labda Ijumaa. Ukishaifikia, hatuna pa kuanzia tena. Atakula kwa mpira wa puani, na hatamjua mtu."

"Na nikifungua?"

"Atarudi kwa kiasi fulani. Miezi minane, mwaka. Na hicho kilichomo ndani kitarudi pamoja naye."

Nikamkumbusha kwamba Baba alitia sahihi fomu ya tiba akiwa na akili zake timamu. Akakubali.

"Kisheria ile sauti mlangoni si mtu. Ni sehemu ya kufuli."

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

Miwani ikatoka tena. "Mimi nimesikia mtu amesema usifungue. Na kuna jambo jingine, dada. Mama mmoja alikawia ndani ya kichwa cha mumewe mpaka weupe ukamgusa. Alipotoka, kwa siku mbili alijibu kwa jina la mume. Usikawie."

Tulipokuwa tukitoka, Baba alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, shuka magotini. Alinishika mkono.

"Nesi, Elieza amefika?"

"Yuko njiani, Baba."

Ulikuwa uongo wa nyumba nzima, na tulikuwa tumeuzoea. Kaka yangu Elieza alikufa miaka thelathini na moja iliyopita, akiwa na miaka kumi na tisa, akirudi likizo kutoka chuoni. Treni yake ya abiria iligongana na treni ya mizigo kilomita sita kutoka Lugongwe, stesheni aliyoisimamia Baba akiwa stesheni masta. Dereva wa treni ya mizigo, mtu anayeitwa Mhando, aliingia njiani bila kibali. Ndivyo ilivyotoka mahakamani. Alifungwa miaka saba. Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilikua nikilichukia jina hilo kuliko jina la shetani.

*

Shangazi Mele alikuwa akichambua mlenda uani niliporudi. Ndiye aliyekaa na Baba tangu mama yetu afariki. Nikamweleza habari ya mlango wa kijani. Hakuinua macho.

"Muache," alisema.

"Shangazi, Alhamisi..."

"Nimesikia Alhamisi. Mwanangu, mimi nimelala chumba cha pili na kaka yangu miaka ishirini. Hajawahi kulala mpaka asubuhi hata mara moja. Ugonjwa huu ulipoingia ndipo alipoanza kulala. Analala kama mtoto aliyeshiba. Unataka kwenda kumwamsha?"

"Nataka anijue."

"Najua unachotaka."

Alisema bila ukali, na ndiyo maana iliniuma. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua fungu la mlenda.

"Alikuwa anaota nini?"

Shangazi alichambua majani mawili matatu kwanza. "Alikuwa anapiga kelele. Kila mara maneno yaleyale. 'Mhando, rudi! Mhando, rudi!'"

Niliweka fungu la mlenda chini.

"Mtu aliyekuibia njia humwambii rudi," nikasema. "Unamwambia simama. Unamtukana."

"Ndiyo," Shangazi akajibu. "Hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo. Sikumuuliza. Na wewe usimuulize."

Mpaka hapo nilikuwa nikiogopa kumpoteza Baba. Kuanzia hapo nikaanza kumwogopa Baba mwenyewe, na sikujua ni mwoga yupi kati ya hao wawili ndani yangu aliyeamka Alhamisi asubuhi akavaa viatu akaenda kliniki.

*

Safari hii chumba cha tiketi hakikuwa na dari. Nilisimama mbele ya mlango wa kijani nikisikia ile pumzi. Sikujua la kusema. Kisha ndani simu ikaanza kulia. Baba hakuwahi kuiacha simu ilie, hata ya jirani.

"Simu inalia, masta," nikasema.

Pumzi ikakatika. Komeo likainuka.

Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha linalotazama reli. Kulikuwa na simu ya ukutani, daftari la kuandikia taarifa za simu, kitabu cha vibali, na kalamu. Na juu ya stuli alikaa msichana mwenye sare ya shule, mguu mmoja juu ya gazeti, damu inachuruzika kisiginoni. Kipande cha chupa kilikuwa bado kimo. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Ulikuwa uso wangu.

Kovu ninalo. Niliambiwa nilikanyaga chupa uwanjani shuleni. Hakuna aliyeniambia nilipelekwa wapi.

Mkono wangu ukainua simu.

"Lugongwe? Hapa Nhembo. Treni ya abiria imetoka kwangu, saa saba na dakika kumi."

"Nimepokea," kinywa changu kikajibu. Mkono ukashika kalamu uandike kwenye daftari.

"Baba, inauma!"

Kalamu ikawekwa chini. Nikapiga magoti mbele ya yule mtoto, nikashika kisigino, nikavuta kioo, nikafunga kitambaa, nikimbembeleza kwa maneno ya Kigogo ambayo nilikuwa nimesahau kama niliwahi kuambiwa. Nje honi ikalia. Mtu mrefu akaegemea dirishani, kofia imesukumwa nyuma, akitabasamu.

"Masta, njia ni yangu?"

Alikuwa Mhando. Sikuwa nimewahi kuona picha yake. Alikuwa na pengo la meno ya mbele.

Ndipo nilipoelewa nilichoombwa. Kati ya Lugongwe na Nhembo, stesheni inayofuata, reli ilikuwa moja tu. Dereva haruhusiwi kuingia bila karatasi kutoka mkononi mwa masta. Kitabu cha vibali kilikuwa wazi mbele yangu, na fumbo lilikuwa linangoja jibu.

Nikaandika: SUBIRI.

Chumba kikatikisika. Simu ikaanza kulia upya. Mtoto alikuwa juu ya stuli, kioo kimo kisiginoni, lakini stuli ilikuwa na mguu mmoja, na ukuta wa kushoto haukuwapo.

Mara ya pili nilijaribu kwa mdomo. "Mhando, usiende! Abiria yuko njiani!" Alinitazama akitabasamu vilevile, kama picha. Simu ikalia tena. Sasa daftari halikuwapo, na mkono mmoja wa mtoto uliishia kwenye weupe.

"Dada Nyemo, toka." Sauti ya Tumsifu ilikuwa nyembamba kama uzi. "Niambie jina lako."

Nilijua nina jina. Nililitafuta.

"Stefano," nikasema. "Stefano Chilongani, stesheni masta."

"Nakutoa sasa hivi!"

"Ngoja!"

Mhando alikuwa tena dirishani, akingoja karatasi. Niliishika kalamu nikijua kwamba katika ile treni, dirisha la tatu au la nne, Elieza ameketi na begi lake magotini. Pembeni ya sikio langu ile sauti ikaniomba, "Usifungue. Mtoto atasikia."

"Mtoto ameshasikia, Baba," nikasema. "Mtoto ndiye mimi. Nipo hapa."

Nikaandika: *Njia wazi hadi Nhembo.* Nikatia sahihi yake. Nikachana karatasi, nikampa Mhando.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akamtazama mtoto. "Pole, binti," akasema, akaenda.

Mabehewa yalipita dirishani moja baada ya jingine. La mwisho lilipopita, nilimaliza kufunga kitambaa, nikainuka, na macho yakaenda mahali daftari lilipokuwa. Nikakumbuka simu ya Nhembo. Nikakimbia nje na bendera nyekundu, nikipiga kelele katikati ya reli mpaka koo likachanika. Mhando, rudi! Mhando, rudi!

Na mbele yangu, kote kwenye ule uwanda, milango ikafunguka.

*

Nilipofumbua macho Tumsifu alikuwa ananimwagia maji usoni na kuniita kwa jina langu. Kwenye kiti cha pili Baba alikuwa ameketi wima, kofia ya nyaya imelala pembeni. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mtu anayemjua.

"Nyemo," alisema. "Mguu umepona?"

Nilikuwa nimeingojea siku hiyo miaka miwili. Sikupata hata muda wa kujibu. Nililiona jambo la pili likifika usoni mwake, polepole, kama mtu anayesomewa barua.

"Elieza," alisema.

Hakuuliza kama amefika.

Alilia siku nzima na siku ya pili. Shangazi Mele alikaa naye akimfuta uso, na hakuniangalia. Siku ya tatu Baba aliniita, akanieleza yaliyobaki. Alichana nakala ya kibali iliyobaki kitabuni, akachana na ukurasa wa daftari usioandikwa taarifa ya Nhembo. Karatasi ya Mhando iliungua ndani ya injini, na Mhando akatoka akiwa hai bila ushahidi.

"Nilijiambia nafanya kwa ajili yako," Baba alisema. "Wangekuuliza maswali. Ungekua ukijua kwamba ni kisigino chako. Nilijiambia hivyo."

"Ilikuwa kweli?"

"Nilikuwa naogopa gereza, mwanangu. Vyote viwili vilikuwepo. Sikuweza kuvitenganisha, mpaka leo siwezi." Akajifuta pua kwa ukingo wa shuka. "Yuko wapi Mhando?"

*

Mhando alikuwa ameshafariki. Binti yake, Mwantumu, alikuwa mwalimu Kongwa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya darasani. Alitukaribisha sebuleni akidhani tumekuja kwa habari ya mwanafunzi. Baba alikataa kukaa. Alisimama akishikilia fimbo yake kwa mikono miwili, akaeleza yote tangu simu ilipolia hadi mahakamani. Hakukosea hata dakika.

Nilimtazama Mwantumu nikingoja apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa hata akimpiga. Alikaa tu, mikono mapajani.

"Baba alitoka kifungoni akaishi miaka mitano," alisema mwishowe. "Kila siku alirudia kwamba alipewa karatasi. Mama alimwamini. Mimi sikumwamini. Nilimwambia aache kutuaibisha."

Baba akafungua mdomo.

"Usiniombe msamaha," Mwantumu akamwambia. "Si leo. Sema tena, polepole. Nataka kuandika."

Akaleta daftari la mazoezi. Baba akarudia, yeye akaandika. Sahihi ilimshinda Baba, vidole vilikuwa vimesahau, kwa hiyo akatia dole gumba. Mwantumu aliandika nakala ya pili kwa mkono, akanipa. Alitusindikiza mpaka getini. Hakuaga.

*

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa woga. Kumbe Tumsifu alikuwa ameniambia, nami sikusikia. Ugonjwa wa kusahau huanza na yale mapya. Chumba cha kijani, kwa kuwa tumekifungua, kitadumu kuliko vingine. Safari ya Kongwa haikuwa na chumba.

Wiki haikuisha kabla Baba hajaamka na kuita, "Nyemo! Kuna mtu amefungwa kwa kosa langu. Lazima nikaseme." Nikamwambia tulishakwenda. Hakuniamini. Alidhani namdanganya kama nilivyomdanganya habari za Elieza, na macho yake yalikuwa ya mtu anayezama. Nikaleta ile karatasi. Akaisoma, akagusa alama ya dole gumba lake, akatulia. Kesho yake akaamka na kuita tena.

Siku ya ishirini na kitu Tumsifu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesita sana.

"Kile chumba tunaweza kukifunga tena, dada. Kitaondoka na mengine kiasi, labda na jina lako. Lakini atalala."

Safari hii nilikataa kuamua peke yangu. Nilingoja saa ya asubuhi, baada ya uji, wakati akili yake ilipokuwa safi. Nikamweleza Baba kwa maneno mepesi. Shangazi Mele alisimama mlangoni, kitambaa mkononi.

Baba aliweka bakuli la uji chini.

"Wakifunga, Elieza atakuwa hai tena?"

"Kwako wewe, ndiyo. Atakuwa njiani."

Aliangalia uani, akaangalia mikono yake. Nilimwombea akubali. Nakiri hilo. Nilikuwa nimechoka kuona hofu ile machoni mwake kila kunapokucha.

"Na Mhando," alisema, "atakuwa na kosa tena?"

"Kwako wewe, Baba. Ndiyo."

"Basi wasifunge."

Shangazi aligeuka akaingia ndani. Baba alijivuta juu ya kiti, akanyoosha shuka magotini kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

"Lete hiyo karatasi," akaniambia. "Nisomee. Usiruke neno."